Masikio Yasiyokuwemo Kitabuni

Mwaka mzima nilichora uso wa bibi mmoja wa Kizungu ambaye hata jina lake silijui. Kila Jumamosi, masika na kiangazi, mpaka mikunjo ya shavu lake nikaijua kuliko ya mama yangu mzazi. Hata leo ukinishtua usingizini nitakuambia mkunjo wa tatu chini ya jicho la kushoto unaanzia wapi na unaishia wapi. Kwa hiyo mtu asije akasema sikujitahidi. Nilijitahidi mpaka mgongo ukaniuma.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, Nyarero, wilayani Tarime. Kwetu ni Njombe. Huku nililetwa na barua ya ajira, na siku naipokea nililia. Nimepanga chumba kwa bibi mmoja wa Kikurya, mjane, mwenye ng'ombe wanne, migomba nyuma ya nyumba, na ulimi usiojua kuzunguka. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia utosini mpaka kwenye viatu, akasema serikali imewaletea mwalimu atakayechukuliwa na upepo. Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Niliingia chumbani nikabamiza mlango. Jioni akaja na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akaweka mezani, akaondoka. Tumeishi hivyo miaka sita sasa: yeye anasema, mimi nanuna, maziwa yanatupatanisha.

Uchoraji ulinipata ukubwani. Mkuu wa shule alinituma Nkende, pale Tarime mjini, kufuatilia bango la shule kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akifundisha sanaa, ambaye siku hizi anaandika mabango ya maduka na saluni. Bango lilikuwa halijaguswa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe vidonge vyake, nikaona ukutani picha ya mwanamke mzee aliyevaa kofia nyeupe ya kitambaa, iliyomfunika kichwa chote na mashavu mpaka kidevuni. Nyuma yake giza tupu. Mwanga umempiga upande mmoja wa uso, na macho yake yana maji kidogo, macho ya mtu aliyechoka lakini bado anakusikiliza. Nikafunga mdomo. Niliingia pale kudai bango, nikatoka nimeomba kufundishwa.

Mzee alinieleza kwamba picha ile hakuibuni yeye, aliinakili. Aliyeichora ni Mholanzi mmoja aliyekufa karne nyingi zilizopita, na hiyo picha ilikuwa kwenye kitabu kikubwa kilichochakaa, kisicho na jalada, ambacho mzee alipewa na mwalimu wake ujanani. Alikuwa amemnakili bibi yule mara kumi na moja. Akanipa masharti mawili: ninakili picha hiyohiyo na si nyingine, na nisithubutu kumchora mtu aliye hai mpaka yeye aseme basi.

"Aliye hai atakuonea huruma, atakusifu," aliniambia. "Huyu hana huruma na mtu."

Na kweli hakuwa nayo. Tulianza na penseli na rula, tukagawa picha ya kitabuni kwa vyumba vidogovidogo, kisha vyumba hivyohivyo kwenye kitambaa cha amerikani alichokikaza seremala juu ya fremu, kikapakwa gundi ya mbao na rangi nyeupe ya ukutani. Hapo nilijiona mjanja, maana mistari na vipimo ni kazi yangu. Ilipofika kwenye rangi, ujanja ukaniishia. Unaanza na kahawia nyepesi iliyozimuliwa kwa tapentaini, unachora uso mzima kwa kivuli tu. Kisha unaweka mwanga kwa nyeupe. Halafu ndiyo rangi zenyewe zinakuja, tabaka jembamba juu ya tabaka, na kila la juu lazima liwe na mafuta mengi kuliko la chini yake, la sivyo picha itapasuka. Na kati ya tabaka na tabaka unasubiri. Kwa ukungu wa huku milimani, unasubiri mpaka unasahau ulikuwa unasubiri nini.

Mimi na kusubiri wapi na wapi. Nakala yangu ya kwanza niliileta nyumbani nikaiweka karibu na jiko la kuni ili ikauke haraka. Asubuhi bibi wa Kizungu alikuwa ameota ndevu za majivu. Mama mwenye nyumba wangu alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo akamwita yule bibi "mzungu wako". Nikitoka Jumamosi ananiuliza kama mzungu wangu hajambo. Nikichorea barazani, kwenye stendi ya ubao mbovu niliyoiomba shuleni, anapita na ndoo yake na kusema mzungu wako leo amevimba, mzungu wako leo ana mafua. Mara nyingi alikuwa anasema kweli, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Nakala ya nne ndiyo iliyotoka vizuri. Nilikuwa naimalizia barazani siku bibi alipoweka ndoo chini, akasimama nyuma yangu kimya. Kimya chake si cha kawaida, nikageuka. Akaniuliza huyu mama alikufa lini. Nikamwambia zamani sana, kabla ya babu wa babu zetu kuzaliwa.

"Na bado watu wanamwona," alisema.

Nikasema ndiyo. Akachukua ndoo akaenda zake. Siku tatu hakumtania mzungu wangu hata mara moja. Siku ya nne aliniita nikae naye kwenye kigoda, akamenya ndizi huku akinieleza jambo ambalo, kwa jinsi alivyolisema bila kuinua macho, nilijua limemsumbua siku nyingi.

"Mwalimu, mama yangu ananitoroka," alisema. "Sauti yake ninayo. Mikono ninayo. Uso unaondoka."

Mama yake alikuwa mtu wa kijiji cha Matongo, na alikufa mwaka uliofuata baada ya bibi kuolewa, bibi mwenyewe akiwa bado msichana mdogo. Hakuwahi kupigwa picha hata moja. Dada zake bibi wameshatangulia, shangazi wametangulia, hakuna tena chini ya jua aliyemwona mama yule isipokuwa yeye. Zamani alikuwa akifumba macho anamwona. Siku hizi anafumba anaona kitambaa, anaona mtungi, anaona mikono inasonga ugali, akipanda juu kutafuta uso hakuna kitu. Shangazi zake walikuwa wakisema amefanana naye mno, kama vile mama alijizaa mwenyewe. Basi akafikiri kwamba mimi nikimchora yeye, huenda mama akaonekana kabla hajapotea kabisa.

Nilitaka kulia, na kwa kuwa sipendi kulia mbele za watu nikamwambia ndizi nyingine ameziacha na maganda. Jumamosi nikapeleka nakala ya nne Nkende. Mzee aliigeuza juu chini, akaitazama hivyo kwa muda, maana anasema picha iliyopinduliwa haiwezi kudanganya. Kisha akasema lile neno nililolisubiri mwaka mzima: basi, sasa naweza kumchora yeyote.

Nilianza siku iliyofuata. Saa kumi jioni, kabla ng'ombe hawajarudi, bibi alikaa mlangoni, mwanga ukimpiga upande mmoja, nyuma yake giza la chumba. Alivaa kitambaa chake cha kanisani, amekifunga kama anavyokifunga siku zote, kimeshuka mashavuni na kukaza chini ya kidevu. Katika miaka yote niliyokaa kwake sikuwahi kumwona bila kitambaa kichwani. Nikafurahi moyoni, maana alikaa vilevile kama bibi wa kitabuni. Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Mkunjo wa tatu chini ya jicho la kushoto niliuweka hata kabla sijamtazama. Rangi ya ngozi tu ndiyo iliyonihangaisha: nilikuwa nimezoea kuchanganya nyekundu, njano na nyeupe, basi nikachukua hiyohiyo nikaitia kahawia na nyeusi, ikawa kama tope. Nikaiongezea mafuta ing'ae, nikajiambia itakubali ikikauka.

Wiki sita. Siku ya kumwonyesha nilifua hata pazia. Nikaiegemeza picha ukutani, nikamwita, nikasimama pembeni na mikono nyuma kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Bibi aliitazama. Akasogea, akarudi nyuma. Akainamisha kichwa.

"Ni mama mzuri," alisema. "Lakini huyu ni mzungu wako. Umempaka masizi ukamfunga kitambaa changu."

Nilisikia damu inanipanda masikioni. Kabla sijajibu akaongeza la pili, safari hii taratibu, kama mtu anayeuliza mzigo wake umeshushwa kituo gani:

"Na masikio ya mama yangu umeyaweka wapi?"

Hapo nilisema maneno ambayo nikiyakumbuka najikunja. Nilimwambia mama yake simjui, sikumzaa wala hakunizaa. Nikamwambia wiki sita nimeacha kusahihisha madaftari kwa ajili yake, na kama anataka masikio akamtafute mtu wa masikio. Nikaigeuza picha ikatazama ukuta, nikaingia chumbani, nikabamiza mlango kama siku ile ya kwanza. Nikakaa kitandani nasubiri maziwa.

Maziwa hayakuja. Wala kesho yake. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayemwitikia mpita njia, na akaendelea kufagia. Hakunisema nimekonda. Hakuniuliza mzungu wangu. Nikatambua nimeumiza pabaya, na kwamba hasira yangu ilikuwa ya bure, maana usiku wa kwanza uleule nilikuwa nimeshaigeuza picha, nikaitazama kwa tochi ya simu, nikaona. Pua ilikuwa ya bibi wa kitabuni. Macho yalikuwa yake. Hata ule mkunjo wa tatu. Bibi wangu hana mkunjo wa tatu, ana miwili mirefu inayoshuka kama mifereji. Nilikaa mbele yake wiki sita na sikumtazama.

Mficha uchi hazai. Jumamosi nikabeba picha mpaka Nkende nikamweleza mzee yote, pamoja na maneno niliyoyasema. Kwanza alicheka. Kisha akauliza bibi alisema nini kuhusu masikio, nikarudia. Akaacha kucheka. Akamtazama bibi wa kofia nyeupe pale ukutani, akatazama mabango yake yaliyoegemezwa kibandani yakisubiri wenyewe. Nami nikatazama. Wanawake wa saluni, nywele zimeshuka mpaka mabegani. Kinyozi amevaa kapelo. Mama lishe amejifunga kilemba. Fundi pikipiki ana helmeti. Kibanda kizima hakikuwa na sikio hata moja.

"Miaka arobaini," alisema mzee. "Kumbe nimekuwa nikifundisha kofia."

Akafunga kile kitabu, akakiweka juu ya kabati. Akaniambia rangi niziache kabisa. Nichukue mkaa wa kawaida na karatasi za bei rahisi, nirudi kwa bibi, nimwombe radhi kwanza, halafu nimwombe masikio. Sikio halimo kitabuni, alisema, na akaniomba nikishalijua nimletee na yeye.

Nilimkuta bibi zizini. Nilipiga goti kwenye samadi, nikamwamkia upya. Nikamwambia bibi nimekukosea, nimemkosea na mama. Akaniangalia mpaka goti likaanza kulowa.

"Marahaba," alisema. "Umekula?"

Jioni hiyo maziwa yalikuja, na akayaleta akiwa na kipande cha kamba ya katani mkononi. Alikaa mlangoni kwenye mwanga, akafungua kitambaa cha kichwa, akakiweka mapajani. Nywele zake ni fupi, nyeupe zote. Masikio yake ni madogo, na kila ndewe, ile nyama laini ya chini, ina kovu jembamba lililopita katikati kama mshono wa begi. Akanieleza kwamba naye alitobolewa na kuvutwa masikio akiwa msichana, kama wenzake wote, kama mama yake. Alipookoka, wakati huo tayari ana watoto wawili, waliookoka naye wakasema masikio yale ni ya ukale, akaenda kushonwa. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba yalipopona akajitazama kwenye maji, na mama hakuwemo tena. Ndipo alipoanza kufunga kitambaa mpaka mashavuni.

Kisha akafunga ile kamba vitanzi viwili, akavitundika masikioni. Akanionyesha: ya mama yalifika hapa. Akavigusa, akasema hapana, chini zaidi, karibu na bega. Akavifungua akavifunga upya. Mimi na mkaa wangu nikaanza, na kwa mara ya kwanza nikamtazama mtu.

Tulifanya hivyo miezi mitatu, jioni kwa jioni. Karatasi zikaharibika nyingi, tukawashia moto. Na jambo nililokuja kuligundua ni hili: kila nilipochora sikio, bibi alikumbuka kitu. Kwamba mama yake alipokwenda kuni alizikunja zile ndewe na kuzitundika juu ya sikio zisinaswe na miiba. Kwamba upande wa kulia alikuwa na shanga za bluu na upande wa kushoto nyeupe. Kwamba bibi alipokuwa mdogo na kubebwa mgongoni, alikuwa akiingiza kidole kwenye kile kitanzi cha nyama na kulala hivyo. Alipolisema hili la mwisho alikitazama kidole chake, tukaacha kazi siku hiyo.

Niliporudi kwenye rangi nilianza upya, kitambaa kipya. Rangi za tyubu zilitoka Nairobi, mfanyabiashara mmoja huniletea kupitia mpakani Sirari na kila mara hunicheka kwamba nanunua dawa ya meno ya ajabu. Sikuanza na ile nyekundu na njano ya Mholanzi. Nilimtazama bibi nikaona kwenye paji lake kuna bluu ya mbingu, kwenye shavu kuna zambarau ya ndizi inayoiva, na ile nyama ya sikio, mwanga ukipita, ina nyekundu ya joto. Nilisubiri kila tabaka likauke. Mimi, nilisubiri. Mzee wa Nkende alikuja mwenyewe kwa bodaboda kulitazama sikio, akainama mbele yake amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

Siku nilipomaliza sikufua pazia. Nilimwita tu. Bibi akaja akijifuta mikono, akasimama mbele ya mwanamke mwenye shanga za bluu na nyeupe, masikio yake yamefika karibu na bega. Akatazama sana.

"Masikio ndiyo," alisema.

Nikashusha pumzi. Lakini hakuwa amemaliza.

"Pua siyo. Ya mama ilikuwa fupi, imekaa hivi. Na hapa juu ya nyusi palikuwa na alama, alianguka na mtungi. Na mdomo, hapana, mdomo wake ulikuwa mpana, ulianza kucheka upande huu kwanza, halafu huku. Na jicho hili alilifinya. Hivi."

Damu ikaanza kunipanda. Mwaka wa mzungu, wiki sita za tope, miezi mitatu ya masikio, na leo ndiyo ananiambia kuna alama juu ya nyusi? Nilifungua mdomo nimwulize kwa nini hakusema siku zote hizo. Halafu nikamwona. Alikuwa hanitazami mimi wala haitazami picha. Alikuwa amefumba macho, kidole kinatembea hewani mbele yake, kinapita kwenye nyusi, kinashuka puani, kinazunguka mdomo, hakikosei njia. Machozi yalikuwa yanashuka kwenye ile mifereji miwili.

"Bibi," nikamwambia, "unamwona?"

"Namwona," alisema. "Ananicheka."

Nililia mbele yake na sikutafuta kisingizio. Baadaye, tulipotulia, nikachukua brashi, nikamwambia anieleze pua vizuri niirekebishe kabla haijakauka. Akanishika mkono.

"Iache," alisema. "Wewe si unasahihisha watoto kila siku? Na mimi niachie wa kwangu wa kumsahihisha."

Kwa hiyo picha imetundikwa sebuleni kwake vilevile, na pua isiyo ya mama yake. Kila asubuhi nikipita kwenda shule namsikia ndani, kwa Kikurya, anaieleza ilipokosea. Mimi hununa kidogo, kisha nakwenda kufundisha.